Barua ya wazi kuhusu wagonjwa wanaokatika pumzi usingizini

KWA: Mganga Mfawidhi na Bodi ya hospitali ya rufaa ya mkoa wetu
KWA: Wakuu wa mfuko wa bima ya afya unaotuhudumia
NAKALA: Wizara yenye dhamana ya afya, wizara yenye dhamana ya uchukuzi

YAH: HUDUMA YA KIBINGWA KWA WAGONJWA WA APNIA YA USINGIZI

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu katika kiwanda cha mbao, mama wa watoto watatu, na mke wa dereva wa malori ya masafa marefu. Mji wetu uko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Kabla ya barua hii nimewaandikia nyingine tatu. Ya kwanza niliipeleka hospitalini kwa mkono, ikagongwa muhuri wa masjala mbele yangu. Ya pili niliituma kwa mfuko wa bima. Ya tatu ilikuwa ya kukumbushia zile mbili. Nimejibiwa mara moja tu, mistari miwili, nitaieleza mbele. Jina la hospitali na la mfuko siyaandiki hapa kwa sababu sitafuti kumwaibisha mtu. Mnajijua, na nakala za barua zangu mnazo. Nimekuja hadharani kwa kuwa njia ya kimyakimya imeziba. Tena, tangu nianze kulisema jambo hili msibani, sokoni na kwenye kikoba chetu, wiki haipiti bila mwanamke mmoja kunivuta pembeni na kuniambia, "Dada, wangu naye yuko hivyo hivyo."

Hivyo hivyo ni vipi? Naomba niwaeleze nilichokiona, maana hicho ndicho nilichotaka kueleza tangu siku ya kwanza na hakikusikilizwa.

Mume wangu amekoroma miaka mingi, nami nilishazoea kama mtu anavyozoea mashine ya kusaga ya jirani. Kilichoanza kuniamsha ni kimya. Saa 8 za usiku mkoromo unapanda, unapanda, halafu unakatika. Nikimmulika kwa tochi ya simu naona kifua na tumbo vinahangaika, kimoja kinapanda kingine kinashuka, kama mtu anayevuta maji kwa mrija uliobanwa. Mdomo uko wazi na hewa haiingii. Nahesabu sekunde 10, 20, 30. Kisha mwili mzima unashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka ubavu, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote. Anasema kalala vizuri, halafu anasinzia na kikombe cha chai mkononi.

Kazi yangu ni hesabu, basi nikafanya ninachokijua. Nilinunua daftari, nikachora safu tatu: saa, sekunde za kimya, na namna alivyozinduka. Usiku wa kwanza, kati ya saa 8 na saa 9, niliandika mistari 38. Kimya kirefu kuliko vyote kilikuwa cha sekunde 41. Mama mkwe wangu aliamini ni jinamizi linamkaba mwanawe, akatuchomea ubani chumbani siku tatu mfululizo. Simlaumu hata kidogo. Yeye alikubali kwamba mwanawe anakabwa.

Ugonjwa wenyewe unajulikana, ndio huo unaoitwa apnia ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengine, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa huangukia njia ya hewa na kuifunga. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, moyo na mishipa vinabebeshwa mzigo, hadi ubongo unapouzindua mwili kidogo ili koo lifunguke. Mzinduko huo ni mfupi mno kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe haujui. Wataalamu huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, kuanzia 5 hadi 15 ni hali nyepesi, 15 hadi 30 ni ya kati, na kuanzia 30 ni kali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet la magonjwa ya mfumo wa hewa ulikadiria kuwa watu wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili, na kati yao milioni 425 wana hali ya kati au kali. Kwa hiyo sizungumzii ugonjwa wa ajabu uliompata mume wangu peke yake.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Shahidi hasikilizwi.

Ugonjwa huu una jambo moja la pekee: anayeumwa hauoni. Aliyelala naye ndiye anayeuona. Nilipoingia na mume wangu chumba cha daktari na daftari langu mkononi, niliambiwa, "Mama, kukoroma si ugonjwa, mwache mzee alale." Daftari halikufunguliwa. Lakini siku hiyo hiyo, katika kliniki ya presha ya jengo hilo hilo, mume wangu alikuwa ameshafikishwa kwenye dawa ya tatu. Alikuwa anameza amlodipini, losatani na kidonge cha kupunguza maji mwilini, anameza kila siku kwa sababu namsimamia mwenyewe, na bado presha ilikuwa 170 kwa 105. Presha isiyoshuka kwa dawa tatu ni moja ya dalili zinazopaswa kumfanya tabibu aulize mgonjwa analala vipi. Hakuulizwa. Alikuwa pia anaamka mara nne kwenda kukojoa. Akapimwa sukari, akapimwa tezi dume, vyote viko sawa, akaambiwa apunguze maji ya jioni. Kumbe hata kukojoa huko usiku ni dalili mojawapo ya apnia. Kichwa cha asubuhi, kinywa kikavu, hasira za bure: kila kimoja kiliandikiwa kidonge chake.

Kuuliza hakuhitaji bajeti. Mwaka 2008 Dakta Frances Chung na wenzake wa Toronto, Canada, walichapisha dodoso ambalo sasa lina maswali 8 tu: je, unakoroma kwa nguvu, unachoka mchana, kuna aliyekuona ukikatika pumzi, una presha, uzito wako ukoje, umri umepita miaka 50, shingo yako ni nene, u mwanamume? Kwenye kupima shingo futi ya fundi cherehani inatosha. Nilimpima nyumbani nikapata sentimita 44. Nilipomjumlishia majibu alipata 7 kati ya 8, na ukifika 5 unahesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Angalieni swali lile la tatu: kuna aliyekuona? Waliolitunga walijua kuwa mke, au mume, au utingo anayelala kwenye kibini moja na dereva, ni sehemu ya kipimo.

2. Kifaa cha kuanzia mnacho, nacho kinalala kabatini.

Tangu janga la korona kila muuguzi anaijua oksimeta, ile klipu ya kidoleni inayosoma oksijeni. Zipo zinazorekodi usiku kucha, na mashine nyingi za kufuatilia wagonjwa wodini hutunza kumbukumbu za saa nyingi. Mgonjwa akilala nayo usiku mmoja, mchoro wa apnia kali huonekana kama meno ya msumeno: inashuka, inapanda, inashuka. Naelewa kuwa huo si uchunguzi kamili, na kwamba mchoro ukiwa mzuri haumaanishi mtu ni mzima. Kipimo kamili ni kile cha kulazwa na nyaya za kichwani, mikanda ya kifuani na mrija wa puani, au kile kifupi zaidi cha kwenda kulala nacho nyumbani. Lakini oksimeta ingewaonyesha nani asisubiri. Niliomba mume wangu alale nayo usiku mmoja tu, wodini au nyumbani, kwa dhamana ya kitambulisho changu. Niliambiwa hakuna utaratibu.

3. Ugonjwa hauna mwenyewe.

Daktari wa masikio, pua na koo alitutuma kwa daktari wa kifua. Wa kifua akatutuma kwa daktari wa magonjwa ya ndani. Wa ndani akaandika "rejea kwa daktari wa koo." Jalada lilizunguka miezi 7, na kila mzunguko ulikuwa siku moja ya mume wangu kukosa kazi na siku moja yangu ya kuomba ruhusa. Siwashuku madaktari hao kwa nia mbaya. Kila mmoja alisema ukweli wake: koo halina uvimbe, mapafu ni safi, moyo bado unafanya kazi. Ila hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuviunganisha. Kwingineko huduma hii ina kliniki yake, ambako wa koo, wa mapafu, wa moyo na wa kinywa hukaa meza moja, kwa sababu mgonjwa mmoja atafaa mashine, mwingine kifaa cha kuvaa kinywani kinachovuta taya la chini mbele, mwingine upasuaji. Sisi mwishowe tulijilipia wenyewe, tukaenda Dar es Salaam, akapimwa. Pumzi ilikatika au kupungua mara 52 kwa saa. Oksijeni ilishuka hadi asilimia 68. Daftari langu la mistari 38 halikuwa limetia chumvi, lilikuwa limepunguza.

4. Chumba cha upasuaji nacho hakiulizi.

Hili ndilo linalonitetemesha hata leo. Katikati ya mizunguko hiyo mume wangu alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Kwenye fomu ya nusu kaputi aliulizwa mzio, pumu, meno ya bandia, na alikula lini mara ya mwisho. Hakuna aliyemuuliza kuhusu usingizi. Niliwaambia mwenyewe mlangoni, nikaambiwa nisubiri nje. Dawa za usingizi na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini huzidi kulegeza koo na kuuchelewesha ubongo kuzinduka. Kwa mgonjwa wa apnia, saa za baada ya upasuaji ni za hatari. Usiku ule wodini alilazwa chali, akachomwa sindano ya maumivu, na kimya changu nilichokizoea kikaja, safari hii kirefu kuliko cha daftarini. Sikuhesabu. Nilipiga kelele. Muuguzi wa zamu, msichana mdogo ambaye namwombea kila siku, alikuja mbio, akamketisha, akamvuta taya mbele, akamwekea oksijeni, na akakaa naye hadi alfajiri. Aliokoka kwa sababu ya akili ya mtu mmoja na kwa sababu nilikataa kutoka wodini muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

5. Bima inaiita dawa "kifaa cha matumizi binafsi."

Hapa ndipo ile mistari miwili ilipo. Daktari bingwa aliandika kuwa mume wangu anahitaji mashine ya kusukuma hewa, ile ambayo wauguzi huiita sipapu. Mfuko ukajibu kuwa kifaa kilichoombwa ni cha matumizi binafsi ya nyumbani na hakimo kwenye orodha ya mafao. Ofisa aliyenipokea dirishani alidhani naomba mtungi wa oksijeni. Nikamweleza, na nawaeleza nanyi: mashine hii inachukua hewa ya kawaida ya chumbani na kuisukuma kwa nguvu ndogo kupitia barakoa ya puani, hewa hiyo inalishikilia koo lisifunge. Basi. Si jambo la majaribio. Dakta Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha matokeo yake kwa wagonjwa 5 mwaka 1981, na tangu hapo ndiyo tiba kuu ya hali kali. Mnalipia dawa tatu za presha kila mwezi. Mngelipia kulazwa kwa kiharusi. Mlilipia mkono wa utingo wa mume wangu, uliovunjika katika ajali nitakayoieleza mbele. Kile kinachozuia chanzo ndicho mnachokiita cha binafsi.

Mkikataa, watu hawakai tu; wanahangaika kivyao, na huko kuna hatari nyingine. Binamu yangu aliyeko Muscat alituletea mashine iliyokwisha kutumika. Nilimshukuru kwa machozi. Lakini ilikuwa imewekewa nguvu za mwenye nayo wa kwanza, sentimita 16 za maji kwa kipimo chao, na barakoa ilikuwa ya uso mkubwa kuliko wa mume wangu. Usiku wa kwanza aliivua baada ya dakika 20 akisema anazama. Usiku wa tatu aliirusha ukutani, mtu ambaye sijawahi kumwona akirusha hata kiatu. Hatukuwa na wa kumuuliza. Na si nguvu tu. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake za aina hii duniani kote, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ingeweza kuchakaa na chembe zake kuingia kwenye njia ya hewa. Ile yetu ilikuwa ya kampuni nyingine, lakini sikuwa na namna ya kujua lolote kuhusu usalama wake. Mashine ngapi zilizotumika zimefika kwetu ndani ya masanduku ya ndugu kutoka Ghuba na Ulaya, na nani anayezikagua?

Tuliuza ng'ombe wawili, nikakopa kikoba, tukanunua mpya, na yule bingwa wa Dar es Salaam akaiweka kwenye nguvu ya 11 na kumchagulia barakoa ya saizi yake. Usiku huo sikulala. Nilizoea kulinda, na sasa hapakuwa na cha kulinda. Hakuna mkoromo wala kimya, ni pumzi tu inayokwenda na kurudi kama ya mtoto. Nilimwekea mkono kifuani hadi adhana ya alfajiri kuhakikisha yupo. Baada ya miezi 3 presha ilikuwa 135 kwa 85 na dawa moja ikaondolewa. Sisemi kila mgonjwa atashuka kiasi hicho. Nasema huyu wangu alishuka, na kadi ya kliniki yenu ndiyo inayoonyesha.

6. Watoto na wanawake wamesahaulika kabisa.

Mtoto anayekoroma kila usiku, analala kichwa kimepinda nyuma, anakojoa kitandani na kusinzia au kuhangaika darasani, huenda ana mafindofindo au nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Kwa wengi wao, kuziondoa ndiko tiba ya kwanza. Badala yake anachapwa kwa uvivu. Mwanamke naye, hasa akishakoma hedhi, huingia kwenye hatari hii, lakini mara nyingi analalamika uchovu, kukosa usingizi na huzuni, sio kukoroma, na anarudishwa nyumbani na dawa za usingizi ambazo zinaweza kumzidishia.

7. Dereva anaogopa kusema.

Kabla hatujaujua ugonjwa huu, saa 7 mchana, barabara imenyooka, jua linawaka, lori la mume wangu liliacha lami likaingia shamba la alizeti. Hakukuwa na alama ya breki. Alipimwa pombe, hakuwa nayo. Utingo wake alivunjika mkono, na namshukuru Mungu kuwa hapakuwa na wapita njia. Taarifa iliandika uzembe wa dereva. Mtu aliyekatika pumzi mara 50 kwa saa usiku uliotangulia hasinzii kwa uzembe. Lakini nani atajitokeza aseme, ikiwa kusema ni kupoteza kazi? Nchini Uingereza, dereva mwenye apnia ya kati au kali inayomsinzisha anatakiwa kisheria asiendeshe na aijulishe mamlaka ya leseni, na tiba ikishaidhibiti anaruhusiwa kurudi barabarani. Vyote viwili vinahitajika pamoja: wajibu wa kusema na mlango wa kurudi. Sisi hatuna tulichoelezwa kuhusu kimojawapo, kwa hiyo madereva wananyamaza, wanakunywa kahawa, wanatafuna karanga, wanafungua dirisha, wanaomba Mungu.

Waheshimiwa, najua mtakayoyajibu, kwa kuwa mengine nimeshayasikia dirishani.

Mtasema apunguze unene. Anapunguza, na inasaidia kweli. Lakini kupungua kilo kumi na tano ni kazi ya mwaka au zaidi, na mtu asiyelala ana njaa na hana nguvu ya kutembea hata kilomita mbili. Tena si wote ni wanene. Wengine ni umbo la taya, wengine ni mafindofindo, wengine ni umri. Katika kikoba chetu mwenye dalili nyingi kuliko wote ni mama mwembamba wa miaka 58.

Mtasema umeme unakatika. Unakatika kwa friji za chanjo pia, na mmezitafutia njia. Mashine nyingi hizi hutumia betri zikipata kifaa chake cha kuunganishia, na ukizima sehemu ya kupasha maji betri hudumu zaidi. Mume wangu anailalia kwenye kibini ya lori akiwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma, anaiunganisha na umeme wa gari. Umeme ukikatika usiku mmoja mmoja, bado mwezi una siku nyingine.

Mtasema mabingwa ni wachache. Ni kweli, na siwaombi mlete bingwa wa usingizi kesho asubuhi. Maswali 8 anaweza kuuliza muuguzi. Oksimeta anaweza kuifunga muuguzi. Bingwa abaki na wale ambao hatua hizo mbili zimewaonyesha.

Mtasema mashine ni ghali na watu wataziacha uvunguni. Hofu hiyo naielewa kama mhasibu. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, huanza kwa kulipia majaribio ya wiki 12, kisha huangalia kumbukumbu za mashine yenyewe: je, mgonjwa aliitumia angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya usiku wa siku 30 zinazofuatana? Mashine inatunza hesabu. Ikopesheni, msome kumbukumbu, asiyeitumia airudishe, apewe mgonjwa mwingine pamoja na barakoa mpya. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kama kila mwananchi atachangia, basi swali la nini kimo kwenye orodha na nini hakimo ni la kila mwananchi, na aelezwe sababu kwa zaidi ya mistari miwili.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na bila kuzunguka:

Hospitali ianze kuuliza yale maswali 8 katika kliniki ya presha, kliniki ya kisukari, na kwa kila anayeandaliwa nusu kaputi, na jibu la aliyelala na mgonjwa liandikwe kwenye jalada. Hili linaweza kuanza Jumatatu.

Itengwe siku moja kwa mwezi ya kliniki ya usingizi, daktari wa koo na wa magonjwa ya ndani wakae pamoja, na ateuliwe mtu mmoja mwenye dhamana ya majalada hayo. Oksimeta mbili za kurekodi ziwekwe kwa ajili yake.

Mgonjwa aliyegundulika akipasuliwa, alazwe penye uangalizi, kichwa kikiwa juu, na asiachwe bila oksimeta akishachomwa dawa za jamii ya mofini.

Mfuko uiweke mashine, barakoa na vichujio vyake kwenye mafao kwa wagonjwa wa hali ya kati na kali walioandikiwa na daktari bingwa, hata kama ni kwa mkopo wa majaribio. Na mashine zilizotumika zinazoletwa na ndugu zipate mahali pa kukaguliwa na kurekebishwa.

Wizara zote mbili zikae na vyama vya madereva na wenye malori, watoe mwongozo unaomlinda dereva anayejitokeza kutibiwa. Mume wangu kwa sasa amewekwa yadi, anaosha magari aliyokuwa akiyaendesha, ingawa barua ya daktari inasema anaweza kurudi. Hajatukana mtu. Anavaa barakoa yake kila usiku na kusubiri.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja mlichokubali, mlichokataa na sababu yake. Mkitaka kuniita nitakuja, nami nitakuja na wanawake wengine 6 wa kikoba chetu ambao kila mmoja sasa ana daftari lake. Nakala ya la kwangu, kurasa zote 31 nilizozijaza kabla ya mashine, nimeiambatanisha na barua hii na nitaiacha masjala Jumatatu asubuhi. Safu ya kati ndiyo ya sekunde. Naomba safari hii lifunguliwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mke wa dereva